Herufi nyekundu kwenye mashuka ya kitani: rangi ya mizizi ya rubia na sababu ya kutochuja kwake

#1 – Mleta uzi (Tanga)

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Mimi ni fundi wa kudarizi mashuka na foronya hapa Tanga, na kazi zangu nyingi ni za maharusi: jina la bibi harusi upande mmoja, jina la bwana upande wa pili, na maua katikati. Ninafungua uzi huu kwa sababu ya shuka moja kuukuu ambalo limenifanya niitazame upya kazi niliyoifanya kwa miaka kumi na tatu.

Miezi minne iliyopita, belo la mashuka lilipofunguliwa sokoni, nilichukua shuka zito ambalo wenzangu walilikataa kwa sababu lina mshono katikati kutoka juu hadi chini, wakadhani limechanwa na kuungwa. Nilipolifikisha nyumbani nikagundua kwamba ni kitani, na kwamba mshono ule uliwekwa tangu mwanzo, kwa kuwa kitanda cha kufumia cha zamani kilikuwa chembamba na upana wa shuka ulipatikana kwa kuunganisha vipande viwili. Kwenye kona moja, chini kidogo ya pindo, zipo herufi mbili, E na G, zenye urefu wa sentimita mbili hivi, zilizodariziwa kwa uzi mwekundu kwa mshono wa msalaba. Chini ya herufi hizo ipo namba 7.

Kitani kilikuwa kimekuwa cha manjano, kwa hiyo nilikichemsha kwa sabuni ya mche na magadi kwa saa nzima. Maji yalitoka na uchafu wa miaka mingi, lakini hata tone la wekundu halikuonekana, na kuzunguka zile herufi kitambaa kilibaki cheupe. Kilichoniuma ni kwamba wiki chache kabla ya hapo nilikuwa nimerudishiwa mashuka mawili ya harusi niliyoyadarizi kwa uzi mwekundu niliouziwa kwenye duka moja kwa maelezo kwamba hauchuji. Mteja aliyafua mara moja tu kwa maji ya vuguvugu, na jina la bibi harusi likazungukwa na doa la waridi lenye ukubwa wa kiganja. Nilirudisha fedha, na kitambaa nikakilipia mimi.

Tangu hapo nimesoma na kuuliza kila niliyeweza kumuuliza, na jambo ninalotaka kulieleza hapa ni kwamba herufi za namna ile zilikuwa daftari la nyumba kabla hazijawa pambo. Wenye nazo walizihitaji zidumu kuliko kitambaa chenyewe, na ndiyo maana waliziandika kwa nyekundu iliyotokana na mizizi ya mmea uitwao rubia.

Nianze na ufuaji, kwa maana bila kuuelewa ufuaji wao mtu hawezi kuelewa ile namba 7. Katika vijiji vya Ufaransa, na sehemu nyingine nyingi za Ulaya, hadi ndani ya karne ya 19 mashuka hayakufuliwa kila wiki. Yaliyochafuka yaliwekwa darini yakisubiri ufuaji mkubwa, ambao katika nyumba nyingi za mashambani ulifanyika mara mbili hivi kwa mwaka, majira ya kuchipua na majira ya vuli. Mashuka yalipangwa ndani ya pipa kubwa la mbao, juu yake kikatandikwa kitambaa kizito kilichojazwa majivu ya kuni, kisha maji ya moto yakamiminwa yapenye majivu na nguo hadi yatokee kwenye tundu la chini, yakapashwa moto tena na kumiminwa tena, kutwa nzima. Baada ya hapo nguo zilipelekwa mtoni au kwenye birika la kijiji, zikapigwa kwa ubao, zikasuuzwa, zikatandazwa majanini ili jua lizing'arishe.

Sasa fikirini nyumba ambayo haifui mashuka kwa miezi sita inahitaji mashuka mangapi. Ndiyo maana msichana aliyekuwa akijiandaa kuolewa aliwekewa mashuka, foronya, taulo na vitambaa vya meza kwa dazeni, vikakaa kabatini kama akiba na kama kipimo cha uwezo wa kwao. Na kwa kuwa birikani nguo za nyumba hii zilikutana na za nyumba ile, zote nyeupe, zote kitani, herufi ndizo zilizomaliza ubishi. Namba nayo iliwasaidia kuhesabu kilichorudi na kuyatumia mashuka kwa zamu, ili lile la juu kabatini lisichakae peke yake huku la chini likikaa bila kuguswa. Shuka langu ni la saba katika seti yake. Yale mengine sijui yako wapi, lakini mtu fulani aliwahi kuyajua yote kwa namba.

Nitaendelea na habari ya rangi. Wenye swali wasisite kuuliza.


#2 – Mchangiaji (Mombasa)

Fundi, asante kwa uzi huu, na pole kwa hasara iliyokupata. Ninauliza mambo mawili. Kwanza, kwa nini nyekundu, wakati wangeweza kutumia wino na kumaliza kazi kwa dakika moja? Pili, kushona herufi kwa msalaba mmoja mmoja ni kazi ya kuumiza macho, je, ilifanywa na mafundi wa kulipwa au na wenye nyumba wenyewe?


#3 – Mleta uzi

Ndugu yangu wa Mombasa, wino ulikuwepo. Ulitengenezwa kwa naitreti ya fedha, ukaandika rangi nyeusi au ya kahawia isiyofutika kwa kufuliwa, na kwenye nyumba na taasisi nyingi ulitumika sana katika karne ya 19. Lakini wino unahitaji mkono mtulivu sana, ukitiririka umeharibu, na doa lake halitoki. Uzi unaweza kufumuliwa ikiwa shuka limegawiwa mtu mwingine. Kwenye shuka jingine nililoonyeshwa na muuzaji, kando ya herufi zilizopo yanaonekana matundu madogo ya herufi zilizofumuliwa, kwa maana hiyo shuka lile liliwahi kubadili mmiliki.

Kuhusu rangi, nguo ya pamba au kitani inayochemshwa na majivu inapita kwenye maji makali ya magadi, na rangi nyingi za mimea hufa humo. Zilizohimili vizuri zilikuwa mbili, bluu ya nili na nyekundu ya rubia. Zote mbili zilitumika kutia alama, lakini nyekundu ilipendwa zaidi kwa sababu inaonekana vyema kwenye mwanga hafifu wa kabati. Kule Alsace, mashariki mwa Ufaransa, rangi hizo mbili ndizo zinazoonekana pia kwenye kitambaa cha miraba kiitwacho kelsch, ambacho watu walikitumia kwa foronya na mifuko ya matandiko. Mimi nikikitazama kitambaa hicho naona watu waliochagua rangi kwa kuogopa maji, na nawaheshimu kwa hilo.

Kazi ya kushona herufi ilikuwa ya wasichana wenyewe. Walijifunza kwa kudarizi kitambaa kidogo chenye alfabeti nzima, namba kutoka 1 hadi 9 na 0, na pengine nyumba, ndege au msalaba pembeni, na kwa sehemu kubwa kwa uzi mwekundu. Kwa msichana wa kawaida kitambaa hicho kilikuwa somo la kusoma na somo la sindano kwa pamoja. Sheria ya elimu ya Ufaransa ya tarehe 28 Machi 1882, iliyofanya elimu ya msingi kuwa ya lazima, iliyataja kazi za sindano kuwa sehemu ya masomo ya wasichana. Kwa Kifaransa mshono wa msalaba uliwahi hata kuitwa mshono wa alama, kwa jinsi ulivyofungamana na kazi hiyo.

Nyumba zenye uwezo mkubwa zilikuwa na namna nyingine: herufi kubwa zilizosukwa pamoja, zikajazwa nyuzi kwa chini ili zivimbe, kisha zikafunikwa kwa uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe. Ni kazi nzuri sana na mimi huifanya kwa oda. Hata hivyo, kwa macho yangu zile za msalaba mwekundu zina ukweli zaidi, kwa kuwa zinasema zilichokuja kusema na hazina cha ziada.


#4 – Mchangiaji (Marseille)

Habari za hapo nyumbani. Ninaishi kusini mwa Ufaransa, na kwenye masoko ya Jumapili ya vitu vya kale mashuka kama hayo yanauzwa kwa marundo, kwa hiyo mada hii imenigusa. Naomba niongeze habari ya mmea wenyewe, kwa kuwa eneo la Avignon, si mbali na ninapoishi, lilikuwa shamba lake.

Rubia ni mmea wa kutambaa, wenye majani makavu yanayokwaruza mkono, na ukiuona njiani hutaushuku kuwa na rangi yoyote. Rangi iko kwenye mizizi, ambayo kwa kawaida huchimbwa mmea ukiwa na umri wa miaka mitatu hivi, ikakaushwa na kusagwa. Katikati ya karne ya 18 Mwarmenia aliyejulikana hapa kwa jina la Jean Althen ndiye aliyeustawisha ulimaji wake katika eneo hili, na mji mdogo wa Althen-des-Paluds una jina lake hadi leo. Mwaka 1829 jeshi la Ufaransa lilichukua suruali nyekundu kuwa sare, jambo lililowapa wakulima soko, na askari waliendelea kuzivaa hadi walipoingia nazo kwenye vita vya mwaka 1914.

Wakemia walikuwa wakiisaka siri ya mzizi huo kwa muda mrefu. Mwaka 1826 Pierre-Jean Robiquet na Jean-Jacques Colin waliitenga kemikali yenye rangi, ikaitwa alizarini. Mwaka 1868 Carl Graebe na Carl Liebermann, huko Berlin, walifanikiwa kuitengeneza kutokana na antrasini, ambayo hupatikana kwenye lami ya makaa ya mawe. Ilikuwa mara ya kwanza kwa rangi ya mmea kuundwa nje ya mmea. Mwaka uliofuata njia ya kuizalisha kiwandani iliombewa hataza na upande wa kampuni ya kemikali ya BASF ya Ujerumani na pia William Perkin wa Uingereza, maombi yao yakipishana kwa siku moja tu. Mashamba ya hapa yaliporomoka katika miaka michache iliyofuata.

Kuna mtu mmoja ambaye habari yake hunisikitisha kila ninapopita Avignon. Jean-Henri Fabre, ambaye wengi wanamfahamu kwa maandishi yake kuhusu wadudu, alikuwa mwalimu maskini hapa, na kwa miaka mingi alihangaika kutafuta njia bora ya kutoa rangi safi kutoka kwenye unga wa rubia, akitumaini kwamba kazi hiyo ingempa uhuru wa kufanya utafiti wake. Njia aliipata, na mwaka 1868 alitunukiwa nishani. Ndio mwaka ule ule wa alizarini ya Berlin. Matumaini yake yakaishia hapo, akageukia kuandika vitabu ili kulisha familia.

Fundi, shuka lako la namba 7 linaweza kuwa limetiwa alama kwa uzi wa rubia au kwa uzi wa alizarini ya kiwandani. Kwa macho haiwezekani kutofautisha, kwa sababu kemikali yenyewe ni ile ile.


#5 – Mleta uzi

Kaka, umenifundisha. Kumbe uimara ule haukutokana na mzizi peke yake, na hapo ndipo ninapotaka kukaa kidogo, kwa kuwa watu wengi wa ufundi wetu hudhani kwamba rangi ya asili inadumu kwa kuwa ni ya asili. Uzi wa pamba ukitumbukizwa kwenye maji ya rubia bila maandalizi hutoka na rangi ya chungwa iliyofifia, na ukifuliwa mara mbili hubaki kama umepakwa udongo. Rangi inahitaji kitu cha kuishikiza kwenye uzi, na kitu hicho ni shabu, hii hii shabu inayouzwa kwenye maduka ya dawa za asili. Sufu huipokea shabu kwa urahisi. Pamba na kitani haziipokei vizuri mpaka zitayarishwe.

Matayarisho hayo ndiyo yaliyokuwa siri ya mafundi wa himaya ya Waturuki. Rangi yao iliitwa nyekundu ya Kituruki, na Wafaransa wakaiita nyekundu ya Andrinople, kwa jina la zamani la mji wa Edirne. Uzi ulilowekwa tena na tena katika mafuta ya zeituni yaliyochacha, yaliyokorogwa na magadi na kinyesi cha kondoo, ukakaushwa kila baada ya kulowekwa, mpaka mafuta yakabadilika na kushikamana na uzi. Ndipo ukatiwa dawa ya kutengenezea ngozi za wanyama inayotokana na vivimbe vya mti wa mwaloni, ukatiwa shabu, na mwisho ukachemshwa pamoja na rubia, mara nyingi kwa kuongeza damu ya ng'ombe. Baada ya hapo ulichemshwa tena kwa sabuni ili wekundu ung'ae. Kazi hiyo ilichukua wiki kadhaa. Ndani ya uzi, alizarini, madini ya shabu na kalsiamu hufungamana kuwa kitu kimoja kisichoyeyuka majini, na mafuta yanakilinda.

Siri hiyo ilivuka kwenda Ulaya Magharibi kwa kuwachukua wenye nayo. Mafundi Wagiriki waliletwa Rouen mwaka 1747, na mwaka 1785 Pierre Jacques Papillon, kutoka Rouen, alianzisha kazi hiyo Glasgow akishirikiana na George Macintosh. Baadaye viwanda vilijipanga kandokando ya mto Leven huko Uskoti. Jambo lililonishangaza kuliko yote ni namna walivyochora madoa meupe juu ya kitambaa hicho chekundu: walichapa asidi mahali walipotaka pawe peupe, kisha wakakitumbukiza kitambaa chote kwenye dawa ya kung'arisha ya klorini. Palipokuwa na asidi pakawa peupe, na pengine pote wekundu ukabaki ulivyo. Sisi tunajua jiki inavyokula rangi za nguo zetu. Hebu pimeni rangi iliyoweza kupita humo ikabaki nzima.


#6 – Mchangiaji (Pemba)

Assalaam alaykum. Mwanangu fundi, mimi ni mtu mzima na sindano nimeiacha kwa sababu ya macho, lakini umenikumbusha mengi.

Sisi huku wekundu wa mimea tulikuwa nao, ila haukuwa wa nguo za kufuliwa. Mzingefuri tunao nyuma ya nyumba, na mbegu zake ukizisugua kiganjani zinatoa wekundu wa kupendeza sana, lakini ukitia kwenye nguo jua linaula. Magome ya mikoko yana dawa ya kutengenezea ngozi na maji yake yanakuwa mekundu ya kahawia, na ndiyo maana wakati wa Wajerumani magome ya delta ya Rufiji yalipakiwa majahazini na merikebuni kwenda kutengeneza ngozi Ulaya. Hina ni ya mikono na miguu, na uzuri wake ni kwamba inatoka. Wekundu wa nguo ulitujia kwa bahari. Katika biashara ya misafara ya karne ya 19 kilikuwepo kitambaa chekundu cha pamba kilichoitwa bendera, na neno hilo kabla yake tulilipata kwa Wareno. Bendera ya masultani wa Zanzibar nayo ilikuwa nyekundu tupu.

Na kisutu, mwanangu, usikisahau. Kanga ya bibi harusi ni nyekundu, nyeusi na nyeupe, na mama yangu alipokuwa akinunua kisutu alilowesha ncha ya kidole kwa mate, akasugua kwenye wekundu, akatazama kidole. Kikiwa na rangi, alikunja kanga ya watu akairudisha bila kusema neno, na mwenye duka alielewa.


#7 – Mleta uzi

Wa alaykum salaam, mama. Kidole cha mama yako kimenizidi mimi na vipimo vyangu vyote. Ningefanya hivyo dukani siku ile, mashuka ya mteja wangu yangepona.

Umenifanya nifikirie pia maandishi ya kwenye kanga. Kanga nyingi zina alama pembeni, na iliyo maarufu kuliko zote ni ile ya Mali ya Abdulla kutoka Mombasa. Hiyo ni alama ya mfanyabiashara, na maneno ya katikati ni ya mvaaji na anayemlenga. Herufi za kwenye shuka ni jambo la tatu kabisa, hazimtangazi muuzaji wala hazimpi jirani ujumbe, zinakaa kwenye kona ambayo godoro na blanketi huzificha, na mtu pekee anayezisoma ni yule anayekunja.


#8 – Mchangiaji (Nairobi)

Ninafunza ushonaji, na wanafunzi wangu huambiwa waloweke uzi mwekundu kwenye maji ya chumvi na siki kabla ya kudarizi, ili rangi ishike. Je, njia hiyo inafaa? Pia, nimesikia kwamba rubia inaota hata huku kwetu. Kuna aliyewahi kuijaribu?


#9 – Mleta uzi

Mwalimu, njia ya chumvi na siki niliiamini kwa miaka mingi na nimeiacha. Chumvi ina kazi wakati uzi unatiwa rangi kiwandani, kwa sababu inaisukuma rangi kuelekea kwenye uzi, lakini uzi ukishatoka dukani chumvi haifungi kitu. Siki husaidia rangi za sufu na hariri, na kwa rangi za pamba haina faida. Kinachotokea ni kwamba rangi iliyozidi hutoka kwenye yale maji ya kulowekea, mtu akafikiri siki imeizuia, kumbe ingetoka hata kwa maji matupu.

Ninachofanya sasa ni hiki. Kila fundo jipya la uzi mwekundu nakata urefu wa mkono mmoja, nalilowesha kwa maji ya moto yenye sabuni, nalikunja ndani ya kipande cha marikani nyeupe na kulipiga pasi mpaka likauke. Marikani ikipata wekundu, narudia kusuuza uzi wote kwa maji ya moto mpaka maji yatoke meupe, kisha napima tena. Ukishindwa mara ya tatu, uzi huo naupeleka kwenye mapambo yasiyofuliwa. Hata uzi wa DMC, ambao ni wa kampuni iliyoanzishwa Mulhouse mwaka 1746 na ambao nyekundu yake namba 321 nimeitumia sana, naupima kama ninavyopima mwingine, kwa sababu anayebeba lawama mbele ya mteja ni mimi.

Na ikitokea shuka limeshachuja, lisiachwe likauke na lisipigwe pasi. Lizamishwe lote, si ile kona peke yake, kwenye maji mengi ya moto yenye sabuni, libaki humo kwa saa kadhaa, maji yabadilishwe kila yanapopata rangi. Nimeokoa foronya mbili kwa njia hiyo. Yale mashuka ya harusi niliyoyasimulia yalikuwa yameshaanikwa na kupigwa pasi kabla hayajanifikia.

Kuhusu rubia yetu, ni kweli kwamba aina nyingine ya jamii hiyo, Rubia cordifolia, inaota kwenye nyanda za juu za Afrika Mashariki, Kenya na Tanzania. Hiyo sijaipata. Nilichojaribu ni unga wa rubia ya Ulaya, nusu kilo, nilioletewa na jamaa aliyekuja likizo. Nilichukua gramu 100 za uzi wa pamba mweupe, nikauchemsha kwa magadi na sabuni ili kutoa mafuta ya kiwandani, nikaulaza usiku mzima kwenye maji ya dawa ya kutengenezea ngozi, nikautia shabu gramu 20 iliyoyeyushwa, nikausuuza, kisha nikauweka kwenye sufuria pamoja na gramu 100 za unga wa rubia na kijiko kimoja cha unga wa chokaa mawe. Msitumie chaki za ubaoni, kwa kuwa nyingi hutengenezwa kwa jasi. Moto uwe wa kiasi, maji yasifikie kuchemka. Mimi hukaa kwenye nyuzijoto 60 hadi 70, kwa sababu joto likizidi rangi za kahawia zilizomo mzizini hutoka nazo na kuuziba wekundu.

Baada ya saa mbili na kulazwa usiku kucha, uzi ulitoka na rangi ya tofali jipya lililolowa mvua. Nilifurahi, lakini nisiwadanganye, haikuwa rangi ya shuka langu. Nilipoufua kwa sabuni ya mche ulibaki vizuri na marikani haikupata doa. Nilipouchemsha kwa magadi uligeuka kuelekea zambarau na kupungua nguvu. Nimeruka hatua ya mafuta, na hatua hiyo ndiyo iliyobeba kila kitu. Nimeanza jaribio la pili kwa mafuta ya nazi, ingawa nina wasiwasi, kwa kuwa mafuta ya zeituni hubadilika yakikaa kwenye hewa kwa namna ambayo ya nazi hayabadiliki.


#10 – Mchangiaji (Dodoma)

Mimi nilikuwa muuguzi, na wodini mashuka yote yalikuwa na alama ya wodi, kwa hiyo hiki unachokieleza kilikuwa kazi yetu ya kila siku, ingawa sikuwahi kufikiri kwamba kina historia. Shuka lisilo na alama lilikuwa halirudi kutoka kwenye ufuaji.

Binti yangu anaolewa mwezi wa kumi na mbili. Nataka mashuka sita ya mtindo huu wa zamani, herufi ndogo nyekundu za msalaba, na namba. Waliziandikaje herufi, za nani zilitangulia? Na kwenye kitambaa chetu cha pamba kisicho na nyuzi za kuhesabika, unafanyaje?


#11 – Mleta uzi

Mama, hongera kwa harusi. Desturi zilitofautiana. Mara nyingi vitu vilitayarishwa msichana angali kwao, kwa hiyo vikabeba herufi za jina lake mwenyewe la kwao, na vilibaki na herufi hizo hata baada ya ndoa. Mahali pengine iliwekwa herufi ya ukoo wa mume pamoja na ya ukoo wa mke. Ile E na G yangu inaweza kuwa mtu mmoja au nyumba mbili. Kwa binti yako mimi ningeweka herufi zake mwenyewe, kwa maana mashuka ni mali anayokwenda nayo.

Kwa pamba iliyofumwa kwa kubana, natandika kitambaa cha kanava chenye matundu juu ya kona, nashona misalaba kwa kupita kwenye matundu hayo na shuka kwa pamoja, nikimaliza nalowesha na kuchomoa nyuzi za kanava moja moja kwa kibano, herufi zikabaki zimekaa kwenye shuka. Kwa kitani hakuna haja ya kanava, nahesabu nyuzi mbili kwa mbili. Miguu yote ya misalaba lazima ianzie upande mmoja na ifungwe upande mmoja, ama sivyo herufi inang'aa vipande vipande kwenye mwanga.

Nitakutumia picha ya upande wa nyuma wa shuka langu ili uone kiwango ninachokikusudia. Hakuna fundo hata moja. Mwanzo wa uzi umepitishwa chini ya misalaba minne ya kwanza, mwisho umepitishwa chini ya minne ya mwisho, na kutoka E kwenda G uzi haukurukishwa, umekatwa na kuanzwa upya, ili usinase kwenye ubao wa kufulia. Rangi ya mbele, iliyopigwa na jua kwa miaka yote hiyo, ni nyekundu iliyoiva. Ya nyuma inakaribia damu ya mzee.

Nitaanza na shuka namba 1 Jumatatu, uzi ukishapita kwenye pasi.